Mapambano bora ya ngumi ya muongo 2010–2019, uzito kwa uzito

Kila tukigusa ngumi kwenye kipindi cha michezo, ujumbe mfupi humiminika kutoka Ukerewe, Sengerema, Magu, Kome mpaka ng'ambo ya Musoma, na karibu wote unauliza jambo moja: lipi lilikuwa pambano bora? Mmoja anamtaja Mwakinyo, mwingine anasema bila Cheka hakuna mazungumzo, wa tatu anakuja na Mayweather. Hawa watatu hawawezi kuelewana, kwa sababu wanalinganisha watu wa kilo tofauti. Ndiyo maana tumeamua kuipanga orodha yetu kwa uzito.

Muongo wetu unaanza Januari 2010 na kuishia Desemba 2019. Tumejiwekea masharti mawili. La kwanza, pale ambapo bondia wa Tanzania au wa nchi jirani alicheza pambano kubwa, huyo tunamtazama kwanza. Pale ambapo hatukuwa na mtu, tumechukua pambano la dunia bila kuona haya. La pili, hatuchagui mshindi, tunachagua pambano. Mengine kati ya haya watu wetu walipoteza, na bado tunayaheshimu.

Kwanza kuhusu kilo. Anayeuza samaki mwaloni Kirumba anajua kwamba bila mizani biashara inageuka ugomvi, na ngumi ni hivyo hivyo. Ngumi za kulipwa za wanaume katika muongo huo zilikuwa na madaraja 17 ya uzito, kuanzia watu wasiozidi kilo 47.6 hadi uzito wa juu, usio na kikomo. Ukitazama katikati ya orodha, pengo la daraja moja na jingine ni kilo mbili, tatu hivi. Kwako wewe ni ugali wa jioni na maji yake, lakini ulingoni ni uzito unaokuja nyuma ya kila konde kwa raundi 12.

Mabondia hupimwa siku moja kabla ya pambano. Kwa hiyo wengi hujikausha: wanapunguza chakula, wanakimbia wamevaa nguo nzito, wanatoa jasho mpaka mizani ikubali, halafu wanakunywa maji na kula usiku kucha ili wapande ulingoni wakiwa wazito kuliko walivyopimwa. Ni mchezo wa hatari. Madaktari wa michezo wanaonya kwamba mwili uliokaushwa huchelewa kurudi, na kichwa cha mtu aliyepungukiwa maji hakistahimili makonde kama kawaida. Tutairudia hoja hii tukifika kwa Mwakinyo, maana inawahusu sana mabondia wetu wanaoitwa ghafla.

Tunaanza na wakubwa.

Uzito wa juu hatukuwa na mtu, tuseme ukweli. Pambano letu ni Anthony Joshua dhidi ya Wladimir Klitschko, Aprili 29, 2017, uwanja wa Wembley, London, mbele ya watu wapatao 90,000. Klitschko alianguka raundi ya tano, Joshua akaanguka ya sita, na mzee yule akaangushwa mara mbili raundi ya 11 kabla mwamuzi hajalisimamisha. Kama uliliona kwenye kibanda umiza siku ile, unakumbuka namna watu walivyokuwa wanabadilisha upande kila raundi.

Chini yake kuna uzito unaoitwa kruza, mwisho kilo 90.7. Hapa jirani yetu wa Kongo anaingia. Ilunga Makabu, mzaliwa wa Kananga, alikwenda Liverpool Mei 29, 2016 kugombea mkanda wa WBC uliokuwa wazi. Pambano lilipigwa Goodison Park, uwanja wa klabu ya Everton wakati ule, na mpinzani wake Tony Bellew ni mwana Everton wa kuzaliwa. Yaani Makabu alikwenda kupigana sebuleni kwa mtu. Mwisho wa raundi ya kwanza alimwangusha Bellew, uwanja ukanyamaza. Raundi ya tatu Bellew akammaliza kwa nokauti. Dakika zisizofika tisa, lakini ukizitazama leo bado utasimama kwenye kiti. Makabu aliupata mkanda huo baadaye, nyumbani Kinshasa, Januari 31, 2020. Ameukosa muongo wetu kwa mwezi mmoja.

Uzito wa juu mwepesi, kilo 79.4, tunapita haraka: Andre Ward dhidi ya Sergey Kovalev, Novemba 2016, Las Vegas. Ward aliangushwa raundi ya pili, akashinda kwa pointi 114 kwa 113 kwenye karatasi za majaji wote watatu. Wabishi wanaendelea kubisha.

Sasa kilo 76.2, uzito wa kati wa juu, na hapa tunakaa kidogo. Agosti 30, 2013, ukumbi wa Diamond Jubilee, Dar es Salaam, Francis Cheka wa Morogoro alimshinda Mmarekani Phil Williams kwa pointi na kutwaa mkanda wa dunia wa WBF. Kwa wengi wetu ule ulikuwa usiku wa kwanza kusikia Mtanzania akitangazwa bingwa wa dunia hapa hapa nyumbani, dhidi ya Mmarekani, baada ya raundi 12 kamili.

Lakini wasikilizaji wetu wanastahili kuambiwa mkanda ule ulikuwa na uzito gani. Katika ngumi kuna vyama vinne ambavyo mikanda yake dunia nzima inaiheshimu: WBA, WBC, IBF na WBO. WBF si mmoja wao. Ni chama kidogo, na bingwa wake hahesabiwi na watu wa ngumi kuwa ndiye mkubwa wa kilo zile. Miezi minne haikupita, Desemba mwaka ule ule, Cheka alikwenda Urusi kukutana na Fedor Chudinov na akasimamishwa raundi ya tatu. Chudinov baadaye alivaa mkanda wa WBA. Hapo ndipo unaona umbali kati ya ngazi moja na nyingine.

Hilo halimpunguzii Cheka kitu. Alishinda pambano lililowekwa mbele yake, na kwa miaka kadhaa mtu yeyote wa kilo zile aliyetaka kujulikana Tanzania alilazimika kupitia kwake. Thomas Mashali alipita njia hiyo: Mei Mosi 2013 alipigwa na Cheka kwa nokauti, na kwenye marudiano ya Krismasi 2015 mjini Morogoro akashinda yeye kwa pointi. Mezani kwetu wawili walitaka pambano la Mei Mosi ndilo lishike nafasi hii. Tulipiga kura, Williams akapita kwa kura moja. Mashali hakuuona mwisho wa muongo. Aliuawa Dar es Salaam mwaka 2016, akiwa bado bondia anayeitwa kwenye mabango.

Uzito wa kati, kilo 72.6. Dunia itakuambia Golovkin na Canelo, Septemba 2017. Sisi tunamchukua Golovkin huyo huyo, lakini miaka sita nyuma na mbele ya mtu mwingine: Kassim Ouma wa Uganda. Ilikuwa Juni 17, 2011, Panama City. Ouma, aliyechukuliwa jeshini akiwa mtoto na baadaye akabaki Marekani alikokwenda kwa ajili ya ngumi, alishawahi kuwa bingwa wa dunia wa IBF, kwenye kilo za chini ya hizi. Siku zake nzuri zilikuwa zimepita, na kila mtu alijua. Golovkin alikuwa anaanza safari ya kuwaangusha watu mmoja baada ya mwingine. Ouma alisimama naye, akampiga, akapigwa, mpaka mwamuzi alipoingilia raundi ya 10. Miaka ile waliofika raundi ya 10 mbele ya Golovkin walikuwa wachache mno. Kama una kifurushi cha kutosha, litafute utazame mtu mdogo anavyomnyima nafasi mtu mwenye nguvu kwa kutokaa mahali pamoja.

Tumefika kilo 69.9, supa welta, na hapa hatukuhitaji kura.

Septemba 8, 2018, Birmingham, Uingereza. Usiku ule ulikuwa wa Amir Khan, na Hassan Mwakinyo wa Tanga alikuwa kwenye mapambano ya utangulizi. Mpinzani wake Sam Eggington ni kijana wa maeneo yale yale ya Birmingham, na alishakuwa bingwa wa Uingereza, wa Jumuiya ya Madola na wa Ulaya katika welta. Mwakinyo alikuwa na miaka 23, na aliitwa zikiwa zimebaki siku chache. Waandaaji walihitaji mtu wa kumpa Eggington ushindi mbele ya watu wake.

Hili la "kuitwa" tulieleze, kwa sababu ndilo linalolifanya pambano hili kuwa la kwanza kwenye orodha yetu nzima. Kila pambano la kulipwa lina pande mbili. Upande mmoja ni wa bondia ambaye promota anamjenga: anachaguliwa mpinzani, anapewa miezi ya kambi, anauziwa tiketi. Upande wa pili ni wa mgeni. Mgeni huitwa akiwa hajajiandaa, mara nyingi kwa sababu mwingine amejitoa, anaambiwa kilo anazotakiwa kuwa nazo, anapewa tiketi ya ndege na ahadi ya malipo. Mabondia wetu wengi wanaokwenda nje huenda kwa mlango huo. Kama alikuwa na kilo nne zaidi siku simu ilipoita, atazikausha kwa wiki moja na kupanda ulingoni ameishiwa. Halafu nyumbani tunasema "kaenda kuuza pambano", wakati mwili wake uliuzwa kwenye mizani kabla hajavaa glovu.

Mwakinyo aliingia kwa mlango huo huo akatokea mlango mwingine. Raundi ya kwanza hakuonyesha kabisa kwamba amekuja kumaliza safari. Ya pili alimkamata Eggington kwa makonde ya kichwani, akamsukuma kwenye kamba, na hakumwachia. Eggington hakuanguka akalala, alibaki amesimama akiyumba bila majibu, na mwamuzi akaingia katikati. TKO, raundi ya pili. Watangazaji wa Kiingereza walihangaika hata kulitamka jina lake.

Tunalipa nafasi ya kwanza kwa sababu jingine pia. Ushindi wa Cheka ulikuja nyumbani, na mkanda wake ulihitaji maelezo. Huu haukuwa na mkanda wowote mkubwa, na haukuhitaji maelezo. Jina la aliyepigwa lilitosha. Tangu usiku ule mapromota wa ndani walianza kulipa, televisheni zikaanza kuonyesha, na vijana wa kilo hizo wakaanza kujisajili gym. Machi 2019 Mwakinyo alimsimamisha Muajentina Sergio Gonzalez jijini Nairobi, akathibitisha kwamba Birmingham haikuwa bahati.

Welta, kilo 66.7. Tunajua mmekaa mkisubiri Mayweather na Pacquiao, Mei 2015. Lile lilikuwa tukio kubwa, pesa nyingi, pambano la kawaida. Bora ni la Pacquiao na Juan Manuel Marquez, la nne kati yao, Desemba 8, 2012, Las Vegas. Marquez alimwangusha, Pacquiao naye akamwangusha, kisha sekunde ya mwisho ya raundi ya sita Pacquiao akaingia mzimamzima kwenye konde la kulia. Akalala kifudifudi.

Kilo 61.2, uzito mwepesi. Mganda Sharif Bogere alikuwa hajawahi kupoteza alipokutana na Mcuba Richard Abril jijini Las Vegas, Machi 2, 2013, kwa mkanda wa WBA. Bogere anajiita Simba, na alizoea kuingia ukumbini ndani ya kizimba. Abril alikuwa mrefu, mjanja, anayekumbatia na kuharibu mdundo wa mwenzake. Akashinda kwa pointi baada ya raundi 12. Halikuwa pambano la kupendeza macho, tunakiri, lakini ni mara chache mtu wa upande huu wa ziwa amekaribia mkanda mkubwa namna ile, na linafundisha kuliko nokauti nyingi: nguvu bila hatua za miguu haifiki. Katika kilo hizi hizi Mtanzania Ibrahim Class alimshinda Jose Forero wa Panama jijini Berlin mwaka 2017 na kupata mkanda wa GBC. Huo nao ni wa vyama vidogo, usome pamoja na tulichosema juu ya Cheka.

Uzito wa unyoya, kilo 57.2: Carl Frampton dhidi ya Leo Santa Cruz, Julai 2016, New York. Zuri, safi, twende.

Kwa wanawake tuna pambano moja lisilo na mpinzani. Kilo 55.3, supa bantamu. Mkenya Fatuma Zarika alikwenda Flint, jimbo la Michigan, Oktoba 1, 2016, kumkabili Alicia Ashley, mzaliwa wa Jamaika aliyekuwa na miaka 49 na mkanda wa WBC kiunoni. Usicheke miaka hiyo, Ashley alikuwa fundi, na kumpiga ilikuwa kama kushika kambare kwa mkono mmoja. Zarika alimfuata raundi zote, na majaji wawili kati ya watatu wakampa. Huu ndio mkanda mkubwa, wa vile vyama vinne, na ulikuja Afrika Mashariki kwa mwanamke aliyeenda ugenini. Wasikilizaji wa umri wetu watamkumbuka Conjestina Achieng wa Siaya, jirani kabisa na ziwa letu, aliyewafanya watu wa pande hizi waanze kutazama ngumi za wanawake. Yeye ni wa muongo uliotangulia, tutampa nafasi yake siku nyingine.

Bantamu ya wanaume, kilo 53.5: Naoya Inoue wa Japani dhidi ya Nonito Donaire wa Ufilipino, Novemba 7, 2019, Saitama. Inoue alipasuliwa na kuvunjwa mfupa wa jicho mapema, akapigana raundi zilizobaki akiona kwa shida, akamwangusha Donaire raundi ya 11 na kushinda kwa pointi. Kuna anayetuuliza kila mara kwa nini tunawaweka wadogo hawa wakati "hawana konde". Atazame hili. Na akumbuke kwamba dhahabu ya Tanzania katika ngumi za Jumuiya ya Madola, ile ya Kuala Lumpur mwaka 1998, aliileta Michael Yombayomba katika kilo hizi za bantamu.

Sasa mawili tuliyoyaacha, maana tunajua simu zitaita.

La kwanza ni Mwakinyo dhidi ya Mfilipino Arnel Tinampay, Novemba 29, 2019, Uwanja wa Uhuru. Mwakinyo alipewa ushindi wa pointi, na mpaka leo ukilitaja mbele ya watu kumi utapata pande mbili. Tinampay alimfuata kutoka kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Ili ubishi huu uwe na maana, jua majaji wanavyohesabu. Kila raundi inasimama peke yake: mshindi wa raundi hupata 10, aliyeshindwa 9, na akiangushwa hupata 8. Hawajumlishi nani alitembea mbele zaidi usiku mzima. Mtu anaweza kushinda raundi sita kwa kidogo kidogo, akapoteza nne kwa kishindo, na karatasi ikampa yeye. Ndivyo Tyson Fury alivyotoka sare na Deontay Wilder Desemba 2018: wengi waliona ameshinda raundi nyingi, lakini aliangushwa mara mbili, ya tisa na ya 12, na kila anguko lilikula pointi. Hata hivyo majaji watatu walitoa majibu matatu tofauti. Kwa hiyo, tukirudi Uhuru: sisi wenyewe tuliigawa meza, na pambano ambalo hatukubaliani nani alishinda hatukutaka liketi juu ya Birmingham.

La pili ni Twaha Kiduku na Dulla Mbabe. Lilijaza watu na kelele, Kiduku akashinda kwa pointi, na wengi wenu mnaliona bora kuliko nusu ya orodha hii. Huenda mko sahihi. Ila lilipigwa Agosti 2020, miezi minane baada ya muongo wetu kufungwa, kwa hiyo linasubiri orodha inayofuata, pamoja na medali mbili za shaba ambazo Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe walizileta kutoka michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 2022, mji ule ule wa Birmingham.

Jambo moja limetusumbua tulipomaliza kupanga. Hakuna hata pambano moja hapa lililopigwa Mwanza. Dar es Salaam lipo, Panama City lipo, Flint lipo. Kijana wa Ilemela au Nansio mwenye kilo 57 na mikono mirefu bado anaambiwa akitaka kupigana kweli apande basi. Kama kwenu kuna gym, hata ya mfuko mmoja wa mchanga uliotundikwa kwenye mwembe, tutumieni ujumbe wenye jina la kijiji na siku za mazoezi. Tunataka kuja na kinasa sauti, na tutabeba mizani.